Bareti Moja Kasongo, Moja Kabambare

Baba Zaina, mwizi wangu,

Salamu nitakupa mwishoni, kama hasira itakuwa imepoa. Kwanza ujue kwamba nimejua. Nimejua ulichokifanya ndani ya mashini yangu nilipokuwa Nyangwe kumuuguza mama.

Unakumbuka niliporudi? Mashini ya sale yetu, chumba chetu cha michezo, ile kompyuta uliyoileta kutoka Bukavu imeviringwa ndani ya blanketi langu, niliiacha ikichezesha mupira vizuri. Nikaikuta inasitasita. Kijana anapiga shuti, mupira unaganda hewani, halafu unaonekana umeshaingia golini. Nikakuuliza imepatwa na nini. Ukachukua burashi, ukapuliza ndani, ukasema, "Vumbi tu, Mama Zaina. Si unaona kiangazi hiki?" Na mimi nikakaa nikashona kitambaa cha kuifunika. Nikakitarizi na ua, mujinga mimi.

Tangu ulipotuacha, vijana wamepungua. Wanacheza mechi moja, wanasema mashini ya Mama Zaina imezeeka, wanaondoka. Nilipomaliza eda ndugu zako walikuja wakakaa barazani, na kwa ule upole wao usioupenda wakasema mashini gonjwa iuzwe kabla haijafa kabisa. Nikakataa. Mashini hiyo ndiyo inayomulisha Zaina, na skrubu zake ni mukono wako uliozikaza. Lakini nilijua sitawazuia siku nyingi.

Hapo ndipo alipokuja yeye. Muke mwenzangu, Mama Amisi wako wa Kabambare, juu ya pikipiki kupitia Wamaza, vumbi mpaka kwenye kope, na bado muzuri. Hilo peke yake liliniudhi. Nilimukaribisha kwa sababu majirani walikuwa wanatazama. Akanawa, akala, akafungua kona ya kitenge chake alipofunga kitu, akaniwekea mezani bareti, kale kakibao kembamba ka memori unakokachomeka ndani ya mashini. Karatasi yake imeandikwa 3200, ndiyo kasi yake.

"Yaya, hii iko yako," akasema, akiniita dada mukubwa. "Aliitoa kwako akaniletea mimi."

Baba Zaina, ulale salama huko uliko, lakini siku ile ningekufufua nikuulize.

Alinieleza yote. Fundi wa kwao aliifungua mashini yake Mama Amisi kuisafisha akakuta bareti mbili zisizofanana, moja 3200, moja 2400, akamuuliza nani amezichanganya. Akamwambia bareti zikiwa ndani ya mashini moja hutembea pamoja, kwa hiyo ile ya kasi inakwenda kwa mwendo wa ile ya pole. Na mashini kama zetu, ambazo hazina kadi ya picha, huazima memori ili kuuchora muchezo, ndiyo maana kasi ikishuka mupira unaganda. Kisha akamwonyesha kadi mama, ile kadi kubwa inayobeba vyote. Ya kwake ni ya zamani, mwisho wake 2400. Hata ungemupa bareti za kasi mbili, isingekimbia zaidi ya hapo. Yangu ndiyo inayokubali 3200.

Nikachukua bisibisi nikaifungua yangu. Kweli, moja 3200, na pembeni yake 2400, ya Mama Amisi.

Ndipo nilipokuona wewe mwenyewe, na haki yako. Kitenge changu, kitenge chake. Sabuni yangu, sabuni yake. Zamu zako za kulala hukuzivunja hata ulipokuwa na homa. Alikulalamikia kwamba mashini ya Kasongo inakimbia na yake inatambaa, ukaona dawa ni kugawa, kila muke bareti moja ya kasi na moja ya pole. Ukatuachia sisi wawili mashini mbili za pole. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha machozi yakabaki peke yake.

Si bareti inayoniuma. Kinachoniuma ni wewe kwenda njia yote ile, bareti yangu ndani ya mufuko wa shati, ukiwaza uso wake atakavyofurahi. Yeye ulimupelekea zawadi. Mimi uliniambia vumbi.

Na mimi si malaika. Alipokuwa ameketi pale nilifikiri niichukue yangu, na yake nisimurudishie, abaki na moja. Nani angenilaumu? Lakini nikamutazama, miguu imevimba kwa safari, amekuja mwenyewe bila kuitwa ili mashini yangu ipate kasi kuliko yake. Mimi nisingekuja, Baba Zaina. Nakwambia kweli, nisingekuja. Na hilo linanichoma kuliko yote, kwamba ulioa mutu mwema.

Nikampa yake. Tukaichomeka yangu, yeye akimulika na simu, mimi nikisukuma mpaka ikalia "ta". Vijana wakaitwa. Mupira ukapigwa kutoka katikati, ukazunguka, ukaingia, na tukauona njia yote. Wakapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Ndugu zako walisimama mulangoni, wakanywa chai yangu, wakaondoka bila kutaja kuuza.

Niligeuka kukwambia tazama. Niligeukia kile kiti chako karibu na betri. Mama Amisi naye alikuwa amegeuka, anakitazama kiti kile kile. Hata hapo nikaona wivu, nikataka aangalie pengine.

Asubuhi nilimufungia samaki wa Nyangwe wa kula njiani. Akiwa juu ya pikipiki akanishika mukono, akaniambia umemujia ndotoni mara mbili, una kanzu nyeupe, unacheka. Alisema ili kunifariji, masikini. Nikajibu alhamdulillahi, nikaingia ndani, nikavunja sahani.

Kwangu hujaja hata mara moja.

Basi pokea salamu zangu, hasira haijapoa lakini salamu ni zako. Zaina hajambo, anasoma. Nakuahidi sale haitafungwa na mashini haitauzwa. Mama Amisi akihitaji bareti siku moja, nitaitafuta mimi, nitahakikisha ni 2400, kile mashini yake inachoweza, na nitamupelekea mwenyewe kwa njia ile ile uliyopita wewe. Mungu akupe nafasi na nuru huko.

Lakini wewe ni mutu wa haki, na kwake umeshakwenda. Mashini nimeizima, nimeifunika kwa kitambaa chenye ua. Sasa zamu ni yangu. Leo ninalala mapema.

Mama Zaina