Kaburi Lililofuata Barabara

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Uwanja wa kambi unafanywa bustani ya kupumzikia. Bembea, mabenchi, kibanda cha soda. Fikirini, msimamizi wa kazi, kaja kuniomba historia ya pale, nusu ukurasa, iandikwe kwenye bango. Nimeandika: mwaka 1969 tulihamishwa kutoka kwetu mtoni, tukakaa hapa chini ya maturubai miezi saba. Tukazika watu kumi na mmoja. Yote kweli.

Jumatano, 3 Septemba

Shehe Haidari kawaonyesha vijana makaburi ya kuzungushiwa uzio. Kumi. Nikasema ni kumi na moja.

"Mzee Twalibu, ule uliofuata barabara ni mtaro. Muislamu halazwi vile. Au huyo alikuwa anasubiri basi la Lindi?"

Vijana wakacheka.

Ijumaa, 5 Septemba

Niandike, maana sijamwambia mtu. Mama ndiye wa kwanza kufa kambini. Mvua siku ya tatu, jua halionekani. Kule mtoni kibla hakiulizwi: kaburi hufuata mto, maji yakienda kuliani kwako umeelekea kibla. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimehitimu chuoni, Kurani yote. Wazee wakaniuliza mimi. Mto hapa hakuna. Nikaitazama barabara, nikaifanya mto.

Kesho yake jua likatoka — upande aliotazama mama, na kibla kwetu ni kaskazini. Wazee waliona. Hakuna aliyesema. Wengine kumi wakalazwa sawa.

Mdogo wangu Mashavu alikuwa na miaka minne. Alipokua akaniuliza kaburi la mama. Nikamwonyesha la mwisho, karibu na mkorosho. Ni la bibi mmoja wa Mbwara. Kila Idi Mashavu huliombea.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandikia hapahapa uwanjani. Alama ya chokaa ya nguzo ya bembea imepigwa juu ya "mtaro". Mashavu kaja kuuona uzio.

"Kaka, mama kapata bustani. Bembea napanda mimi kwanza, wajukuu baadaye."

Fikirini kaniomba nisogee, wachimbe. Sikusogea. Nimevua kandambili, nimekaa pembeni ya huo "mtaro" — juu ya kaburi hakukaliwi.

Mashavu kazitazama kandambili. Kaitazama barabara. Kautazama mkorosho, muda mrefu.

"Kaka. Mimi miaka yote hii namwombea nani?"

Fikirini anangoja, sururu begani. Sijainua kichwa kwenye daftari.