Poda kwenye Paji la Baba

Mpendwa Shangazi Kadidia Traoré, mshauri wetu na mtani wangu, naomba msaada, ingawa mtu wa ukoo wa Diarra kama mimi kumwomba Traoré msaada ni sawa na simba kumpigia magoti paka, lakini maji yamenifika shingoni na hapa Montreuil kila mtu anasoma safu yako, hata wale wanaoapa hawaisomi.

Mimi naitwa Makan, nina miaka kumi na tisa, shule niliiacha kabla haijaniacha, ila kwa akili za mtaani muulize yeyote atakuambia. Baba yangu, Mzee Demba, anaosha vyombo kwenye jiko la shule ya msingi tangu sijazaliwa, na mimi niliyezaliwa hapa ni Mfaransa tayari, yeye bado, kwa hiyo alipoitwa ofisi ya mkoa kuhojiwa habari za uraia nikamwambia baba tulia, mtaalamu ni mwanao, maana hawa watu nawajua, wanasema serikali yao haina dini lakini dini yetu wanaiona kwa mbali kama moshi. Nikamfundisha wiki nzima kwamba wakikuuliza unapenda nini, sema divai nyekundu, jibini inayonuka na kitimoto. Baba akasema, "Makan, mimi divai na kitimoto sijawahi kuonja." Nikamwambia, "Kwani nani atakupima tumbo, baba?"

Tatizo likabaki lile paji lake, Shangazi, baba ana alama ya sijida nyeusi kama sarafu iliyoungua, ukimwona tu unajua mkeka wake haupumziki, basi nikachukua poda ya maji ya dada yangu Sira nikampaka mpaka akatoka anang'aa kuliko bwana harusi.

Kilichotokea mle ndani nimekisikia kwa mama, maana baba hanisemeshi. Hita ilikuwa inawaka kama tanuri la mikate na baba yumo ndani ya koti zito, yule mama afisa akamuuliza siku za mapumziko unafanya nini, baba akajibu nakunywa divai. "Divai gani?" Baba akawaza, akasema, "Nyekundu. Na maziwa kidogo." Hapo jasho likaanza, poda ikashuka hadi kwenye nyusi, akajifuta kwa leso, leso ikawa kahawia na alama ikachomoza kama mwezi wa Idi. Yule mama akaweka kalamu chini: "Bwana Diarra, kusali si kosa. Lakini unaficha nini kingine?" Ameitwa tena Alhamisi, na safari hii akishindwa ombi lake linatupwa.

Sasa baba hali na mimi sinia moja, nawekewa kibakuli changu pembeni kama mwenye ndui. Jana kapita sebuleni akamwambia mama, mimi nimekaa palepale, "Mwambie mtoto wako, Alhamisi naenda kusema kweli." Shangazi, mzee atajimaliza! Na mimi nina mpango mwingine babu kubwa: aseme alama ile aligonga mlango wa friji kazini, halafu aingie na kambwa ka jirani, maana Mfaransa akiona mbwa moyo unalainika. Nimshawishije akubali?

Makan Diarra, bingwa wa Montreuil

*

Makan, bingwa wa poda,

Nimecheka mpaka mume wangu akauliza, "Kuna msiba kwa akina Diarra?" Kisha nikaacha kucheka, maana anayeadhirika hapa si wewe, ni mzee wa watu.

Simba gani anampaka baba yake vipodozi? Na divai kwa maziwa, jamani! Hata kusema uongo unafundisha nusunusu, kama ulivyosoma.

Nakukubalia moja. Nchi hii ina vituko. Shule zao hazina dini, lakini muulize baba yako Ijumaa anasugua sahani za nini. Za samaki! Samaki kila Ijumaa, kama mapadri walivyowaagiza mababu zao, na hakuna anayeitwa ofisini kujieleza. Akifunga bibi yao ni mila, akifunga baba yako ni mjadala wa televisheni. Hilo limenikera tangu kabla hujaota meno.

Lakini niambie, nani aliyemwambia yule afisa kwamba sijida ni ya kuonewa aibu? Yeye alisema si kosa. Aliyesema ni kosa ni wewe, kwa vidole vyako, kwenye paji la mzazi wako. Wapo watu nchi hii wanaotamani tujifute nyuso zetu wenyewe. Wewe umewafanyia kazi hiyo bure, tena ukajisifu.

Sasa sikiliza. Leo hii, mbele ya mama yako, mwombe baba radhi. Usieleze, usitanie, omba. Mbwa mwache kwao. Alhamisi msindikize, ukae nje ya mlango, mdomo umefungwa. Yeye aingie na uso aliopewa na Mungu, na kabla hajaulizwa aseme: siku ile nilidanganya, niliogopa mtanikataa. Jina lako hatalitaja, namjua baba wa namna hiyo, na hilo likuchome. Sikuahidi kwamba atapewa. Wanaweza kumnyima kwa ule uongo, na ikiwa hivyo utamsaidia kuomba upya, wewe ndiye utakayepanga foleni.

Na yule mama afisa akirudi kwenye divai, baba ajibu hivi tu: "Mimi sinywi. Jirani yangu anakunywa, na kila asubuhi tunasalimiana kwenye ngazi."

Hakuna haja ya kumfanyisha mazoezi. Ndivyo anavyoishi. Anayetakiwa kukariri ni wewe.

Shangazi Kadidia