Simu ya Mama Sundus

Section 58,
S.L.P. 1147,
Nakuru.
17 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Nasambu,

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima, mgongo umetulia na baridi ya Calgary huko ughaibuni haijaanza vituko vyake. Levis anaendeleaje na masomo? Na baba yake je, bado anapika vizuri kukushinda? Sisi hapa hatujambo kabisa. Goti langu la kushoto linajua mvua kabla ya watu wa hali ya hewa, lakini nalitembeza hivyo hivyo. Mzee wangu Masinde alistaafu kiwandani mwezi wa pili, na sasa anasimamia sufuria zangu kama zile mashine zake. Mvua imenyesha vizuri, sukuma wiki iko mpaka tunagawia majirani.

Usishtuke kuona karatasi. Najua WhatsApp iko, na najua kwenye kikundi cha familia unaandikanga Amina halafu unanyamaza. Miaka sita ya Amina, Nasambu. Hii nimeiandika kwa mkono wangu na nimeshachana kurasa tatu, kwa sababu kuna jambo halitoshei kwa simu. Lakini wacha nikupe raha kwanza.

Mtoto wako Natasha ako kwa redio! Kila Jumamosi saa tano asubuhi. Ukitoka kwangu kwa miguu mpaka mjini hupotezi hata neno moja, maana unamsikia kwa kinyozi, unamsikia kwa duka la dawa, unamsikia kwa yule mama wa chapati. Ile digrii ya saikolojia watu walikuwa wanauliza ni ya kazi gani, sasa wamepata jibu.

Wako watatu. Natasha ndiye anaongoza, na sisemi hivyo kwa sababu nilimzaa, hata wewe ungemsikia ungejua. Kuna Kiptanui, anayeongea polepole kama mtu anayebembeleza ndama. Halafu Kuluthum, msichana wa hapa mjini ambaye babu yake alitoka pwani, Kiswahili chake ni kitamu mpaka unatamani akugombeze. Wanachukua kitu ambacho watu wanatazama au wanaimba, wanauliza kinafanya nini ndani ya moyo. Jumamosi moja ilikuwa mpira, kwa nini timu ikifungwa Uingereza mwanamume wa Nakuru anakataa ugali. Masinde aliinuka akaenda nje kuangalia sukuma ambayo alikuwa ameiangalia asubuhi. Nyingine ilikuwa wivu wa picha za kwa simu. Hapo nilijiona mwenyewe, kwa sababu siku hiyo hiyo nilikuwa nimemuuliza Masinde kama vikombe vyetu havijazeeka.

Na hawakai studio peke yake. Walienda Kuresoi wakati baridi kali ilichoma viazi, wakaketi na wakulima juu ya magunia matupu. Watu wazima ambao hawajawahi kuongea kitu isipokuwa habari ya mvua wakasema vile hawalali. Nilimuuliza Natasha ni nani walisema hivyo, na ni nini hasa walisema. Alinimiminia chai. Nikiuliza tena ananiongezea sukari. Huyo mtoto ana kifua cha kuweka siri, na hakukitoa kwangu, hilo nakubali.

Mimi sasa, kwa furaha, nilitangaza kanisani kwamba binti yangu ni daktari wa redio. Jumatatu nikafungua mlango nikakuta akina mama sita kwa benchi. Mmoja ana presha, mwingine amebeba picha ya eksirei, na Jepkemei jirani yangu ameleta mguu umevimba. Natasha alitoka chumbani na mswaki mdomoni, akawaangalia, akaniangalia. Alieleza polepole kwamba yeye anashughulika na mawazo na hisia. Jepkemei akamwambia, "Sawa daktari, basi nina hisia kwa mguu." Walicheka mpaka yule wa presha akaambiwa apumzike. Lakini walikaa, wakaongea saa mbili nzima, na kwa kweli mguu wa Jepkemei haukutajwa tena. Siku hizi wanakuja kila Jumatatu, na Natasha amenikataza kukaa karibu na dirisha.

Sasa nifike kwa jambo langu.

Jumamosi iliyopita kipindi kilikuwa juu ya kulia. Walianza na ile tamthilia ya Waturuki iliyotiwa Kiswahili, ambayo hapa kwetu hakuna mtu anapokea simu ikiwa hewani. Waliuliza kwa nini mtu anamlilia mwanamke wa kwa televisheni, ambaye si wa ukoo wake, halafu msibani kwake anakaa macho makavu. Kiptanui akasema machozi si kipimo cha upendo. Akasema wengine uchungu wao unakimbilia mikononi, unawafanya washike kazi, na hao ndio tunawahukumu haraka.

Nasambu, nilishikwa na hasira. Sikujua inatoka wapi. Nilichukua simu nikapiga, na mara ya nne ikaingia. Kuluthum akauliza naongea na nani. Sikutaka kumwaibisha mtoto, nikasema jina la kwanza lililonijia, Mama Sundus kutoka Mau Narok. Nikasema huyo bwana anadanganya watu. Nikasema mimi nimeona kwa macho yangu mtu akimzika mama yake bila tone hata moja, na kwetu mtu anaanza kulia tangu getini, kijiji kisikie nani amefika.

Natasha akasema, "Karibu Mama Sundus. Kwanza mwambie mzee apunguze redio." Na Masinde, huyu mume wangu asiyejua kunong'ona, akapaza sauti kutoka kwa kochi, "Nerima, weka hiyo simu chini!"

Nakuru yote ilisikia. Kuluthum alikohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Ningekata, lakini Natasha hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini, ile anayotumia na watu wake wa Jumatatu, "Mama, huyo mtu, wakati wengine wanalia, yeye alikuwa anafanya nini?"

Nilifungua mdomo nijibu vibaya. Halafu nikakuona.

Nilikukumbuka hospitalini zile wiki mbili, unamkata mama kucha, unampaka mafuta miguu kama mtoto. Nilikukumbuka Kimilili siku ya mazishi, unaenda kwa pipa la maji, unarudi kwa wapishi, unatafutia wazee viti. Na pale kaburini, wakati jeneza linashuka na miguu yangu ikakataa, kuna mkono ulikuwa umepita nyuma ya kiuno changu. Nilikuwa nimeegemea mkono huo mwili mzima. Miaka sita sijawahi kujiuliza ulikuwa wa nani.

Nikasema kwa redio, "Alikuwa amenishika mimi, nisianguke."

Kuluthum akaweka wimbo, na mimi nikabaki nimeshika simu mpaka Masinde akaja kuichukua mkononi.

Nasambu, nakumbuka nilichosema siku ile chini ya hema, mbele ya shangazi zetu. Nilisema umezoea kuona wazungu wakifa kwa hiyo wodi yako, na mama yetu kwako alikuwa mgonjwa mwingine tu. Kesho yake kabla jua halijatoka ulikuwa umeenda na sanduku lako, hata siku ya tatu ya kumaliza matanga haikukukuta. Nimeambia watu miaka yote kwamba ulikuwa na haraka ya kurudi kazini. Ni mimi niliyekufukuza. Nisamehe, mdogo wangu. Sikuwa na haki, na niliyasema mbele ya watu, kwa hivyo jana nimewapigia shangazi zetu wote wawili nikayaondoa mbele ya watu hao hao. Yule mkubwa alisema alikuwa anangoja hiyo simu tangu mwaka ule.

Natasha alirudi Jumamosi hiyo jioni. Nilifikiri atanigombeza kwa kumwaibisha hewani. Alinimiminia chai, akaweka sukari mara tatu bila mimi kuuliza kitu. Halafu akaniletea kalamu na hii karatasi.

Usifikiri tumebaki na huzuni. Sasa hata sokoni wananiita Mama Sundus, na muuza nyanya aliniongezea mbili juu. Na habari kubwa ndiyo hii: Desemba, Jumamosi ya pili, kipindi kitafanyiwa ukumbini mjini, watu wote wakiwepo, kuna jukwaa na vipaza sauti. Natasha atasimama hapo na gauni ambalo mimi mwenyewe nimechagua kitambaa chake, kijani kibichi, fundi ameshachukua vipimo. Kiti changu ni cha mbele kabisa. Nimemwambia Natasha aandike majina mawili, na yule wa pili nimemwambia ni wewe. Baadaye tutaenda Kimilili sisi wawili, tupalilie pale kwa mama.

Msalimie sana baba Levis, na Levis mwambie mama yake mkubwa sasa ni mtu wa redio. Masinde anakusalimu, na Jepkemei na mguu wake. Mungu akulinde kwenye hizo zamu zako, aipe nguvu mikono yako, hiyo hiyo iliyonishika.

Na ukija, Nasambu, usilie getini. Nani amefika tutamjua. Wewe ingia tu na sanduku lako, mlango hautakuwa umefungwa, na safari hii mimi ndiye nitakuwa nimesimama nikushike.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na sijaacha hata siku moja,

Nerima
Mama Natasha, na wa Mau Narok pia