Mgombea Alivyowasema Wenzake Hamisi

Jumanne, baada ya isha

Yule mgombea urais bado ananiudhi. Jana hapa Manzese alitangaza jukwaani kwamba akishinda atawarudisha wanajeshi wetu walioko Msumbiji, eti "wale Wamsumbiji hawana shukrani." Watu wakapiga makofi. Mie nikamuwaza mwanangu Hamisi, anayelinda vijiji vya huko dhidi ya waasi, pamoja na askari wao.

Leo kapiga simu. Hotuba imeshawafikia, na wenzake wa Msumbiji walinuna asubuhi nzima. Nikaingiwa na hofu. Vitani, mwenzako akianza kukutilia shaka...

"Ikawaje, mwanangu?"

"Sajenti wao kaniuliza, 'Mnatuacha?' Nikamwambia, yule anaomba kura, mie niko hapa na wewe. Akacheka, mama. Tukatoka doria pamoja."

Bado naogopa, maana kampeni hazijaisha. Lakini nilipomsimulia jirani yangu Mama Joana, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, alinishika mkono.

"Mwambie mama yangu mzazi yuko kule. Siku hizi analala nyumbani kwake, si porini tena."

Nikamwandikia Hamisi maneno hayo. Kajibu sasa hivi: anataka jina la kijiji, akamsalimie bibi.