Wali wa Nazi Juu ya Kioo

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua chaamkaje leo? Naanza na kifua kwa sababu mengine yote nayaona madogo. Mimi mwanao ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya Ujerumani bado haijanizoea. Dada Mwanaisha amenieleza siku nne ulizolala hospitali, na alivyosema daktari: moshi wa makaa basi. Akaniambia pia kwamba jiko la umeme umelikataa hata kabla hajakwambia ni la aina gani.

Basi nikusimulie majiko mawili ninayoishi nayo.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakopika, tunatumia la indaksheni. Ni kioo cheusi tu, hakina moto wala wekundu. Siku ya kwanza nilibandika ile sufuria ya alumini niliyotoka nayo Likoni, nikawasha, nikasoma bismillahi, nikangoja. Kimya. Nikaweka kiganja juu ya kioo: baridi kama sakafu. Nikajua nimeharibu jiko la watu, nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi. Bi Helga, mkuu wetu wa jikoni, alicheka mpaka akashika meza. Akabandua sumaku kwenye friji, akaigusisha kitako cha sufuria yangu, ikaanguka. Kumbe jiko hilo hupasha chombo chenyewe, nacho lazima kiwe cha chuma kinachoshika sumaku. Ukipata cha aina hiyo, maji ya chai yachemka kabla hujamaliza kuponda tangawizi, na umeme haupotei bure. Kwa tokeni za huko kwetu, hilo ndilo la akiba. Lakini sufuria zako zote litazikataa.

Chumbani kwangu lipo la seramiki. Nalo ni kioo, ila chini yake mna koili inayowaka nyekundu. Hupata moto taratibu, hula umeme zaidi, na ukishalizima hubaki na joto kwa muda. Limeshaniunguza vidole mara mbili. Lakini halichagui, lapokea sufuria yoyote ya kitako bapa. Jumapili nilipika wali wa nazi, nazi ya kopo, usinicheke. Tui lilipokaribia kukauka nikakumbuka unavyopalia makaa juu ya kifuniko, nami makaa sina. Nikazima jiko, nikaweka birika la maji ya moto juu ya kifuniko, nikaenda kukaa dirishani. Nje theluji ilikuwa ikianguka bila sauti. Joto lililobaki kwenye kioo likamaliza kazi polepole, harufu ya tui ikajaa chumba, nikawa sijui niko wapi. Nikakuona umeinama, pindo la leso mdomoni, wapepea makaa. Kisha nikakusikia wakohoa, nikazindukana.

Juzi kwenye simu uliniambia, "Wallahi mwanangu, jiko lisilo na moto mimi silijui. Na si wewe uliyesema wali usio na moshi si wali?" Ni kweli nilisema. Nilikuwa mpishi wa hoteli kule Shanzu, nikirudi nyumbani najisifu kuwa naijua ladha, nawe ukafurahi. Tangu siku hiyo kila anayekushauri uache makaa wamtajia maneno yangu. Kwa simu hunipi nafasi, ndiyo maana naandika. Nilikosea, mama. Wali wa Jumapili haukuwa na moshi hata chembe, nami niliukomba pamoja na ukoko.

Nimemwambia Dada achukue la seramiki. Litakula tokeni zaidi, najua, lakini utapika na vyombo vyako ulivyovizoea, na wali utajimalizia wenyewe. Karai la mahamri lina kitako cha mviringo, halitatulia juu ya kioo. Mahamri tutanunua.

Nisalimie baba mdogo, fundi wetu wa milango, na shangazi wa Bombolulu mwenye ulimi wa pilipili. Jirani yetu muuza makaa umwombe radhi kwa niaba yangu, umwambie ujirani uko pale pale.

Usingoje nije nikuwashie mimi. Ruhusa yangu ni mwakani, na naogopa. Nataka siku nitakayobisha hodi, sauti itakayosema karibu iwe yako.

Mwanao akupendaye,
Salimu