Aliyenisomea Barua Zako

Mdogo wangu mpenzi, Tone,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula kwa wakati, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Sisi huku hatujambo. Kaka yako hajambo, maana ndiye aliyekukabidhi bahasha hii mkononi, na bila shaka umeshaona amekonda. Wifi yako hajambo. Mimi pia sijambo, na hilo ndilo neno la kwanza ninalotaka ulishike: siumwi ugonjwa wa kufa, hakuna daktari aliyenipa miezi mitatu, na Jumamosi usipande basi kuja. Kaa hapo ulipo. Nimemwagiza kaka yako asikueleze chochote mpaka umalize kusoma, kwa sababu anachokijua yeye ni nusu tu.

Utaona mistari yangu inapanda mlima. Huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Barua nne ulizopokea mwisho hazikuwa na chochote cha mkono wangu ila sahihi. Nitakueleza kwa mpangilio, kama kawaida yangu, nawe vumilia kama kawaida yako.

Miezi michache baada ya wewe kuondoka, nilianza kuona dunia kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafuni. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Wifi yako akasema hatimaye nimezaa, tena mapacha. Tulicheka siku ile. Lakini unajua kazi niliyoifanya miaka thelathini na minne: msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, mtu aliyelipwa kwa kuona herufi moja iliyokaa vibaya kwenye kurasa mia tatu. Kusomewa gazeti kuliniuma kuliko kushikwa mkono kushuka ngazi.

Barua yako ya kwanza alinisomea wifi yako. Ndiyo ile uliyosema umetupa laini ya simu kwa sababu kila namba mpya yule mwanamume uliyemwacha aliipata, na kwamba tukuandikie kwa sanduku la posta la kazini kwako, tusimwambie mtu. Nilisikiliza, nikadhani unatia chumvi. Ulipomwacha nilikuwa upande wake, hilo hukulisahau nami sikulisahau. Hakukupiga. Alikuwa akikaa ndani ya gari mkabala na duka la dawa ulikofanya kazi, akihesabu dakika ulizotumia kuzungumza na wateja, nami nikakuambia una bahati ya kupata mtu anayekujali.

Wiki mbili baada ya barua hiyo, akaja. Tulimwita Shemeji. Hakukuoa, na ulikuwa umeshamwacha, lakini midomo yetu ilikuwa imeshalizoea neno hilo, tukaliacha. Alikuja kurudisha pasi yako ya umeme, waya umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Hakuuliza habari zako hata kidogo. Hilo ndilo lililotulainisha. Aliuliza habari za macho yangu.

Kaka yako alimpokea wima, mkanda wa kupimia ukiwa shingoni, wala hakumwonyesha pa kukaa. Juma lililofuata Shemeji alimletea kazi ya sare za ofisi yao, suruali arobaini, na kiti kikapatikana. Baada ya mwezi walikuwa wanataniana kuhusu vitambi vya wateja. Taa ya ngazini iliyokufa tangu enzi za baba aliiwasha. Bomba la jikoni likaacha kudondoka. Akapewa ufunguo ili asigonge nikiwa nimelala, na ukiniuliza nani alimpa, nitakujibu kwamba niliunyoosha mkono mwenyewe.

Wifi yako peke yake ndiye hakulainika. Alisema mtu huyu hachoki. Mtu wa kweli, alisema, ipo siku atanuna, ipo siku ataacha kikombe mezani bila kukiosha. Huyu kila Alhamisi ni yuleyule. Sijui kama maneno hayo yalimfikia Shemeji au alihisi tu. Hakugombana naye. Aliniambia kwa upole kwamba amesikia wanawake dukani wakirudia mambo ya barua yako, na kwamba yeye hapendi kuchonganisha watu. Hakutaja jina la mtu. Jina nililitaja mimi. Nikamwambia wifi yako asijisumbue tena kunisomea, akaweka barua mezani, akashuka chini, na kwa miezi saba hakupanda ngazi ile isipokuwa kuleta chakula.

Basi Shemeji akawa macho yangu. Nikamfundisha kusoma kama tulivyosoma kiwandani. Nilishakueleza ukiwa mdogo, ila nitarudia, kwa kuwa kila kitu kimeshikana na hapo. Usahihishaji ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika karatasi ya mwandishi na kuisoma kwa sauti pamoja na alama zake zote, mwingine anafuata kwa macho ile iliyotoka mtamboni. Mpita njia angedhani ni wendawazimu: “Mkurugenzi koma baada ya kuketi koma alishukuru nukta.” Mtu anayesoma hivyo hutamka alama bila kufikiri, kwa sababu anaziona. Alijifunza upesi. Alikuwa na sauti nzuri ya chini, isiyoharakisha.

Na barua zako zikawa tamu. Ulisema umekumbuka maneno yangu. Ulisema ulikuwa na haraka, kwamba dada aliona mbali, kwamba kama angekuwapo mtu wa kukutuliza usingeondoka. Nilikuwa nikimwomba arudie sehemu hizo. Majibu niliyatamka mimi, akaandika yeye, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka juu ya mstari. “Imeisha, Dada. Weka sahihi hapa.” Nikaweka.

Upasuaji wa macho uliahirishwa mara tatu. Yeye ndiye aliyekuwa akifuatilia hospitali: mara daktari amesafiri, mara mashine imeharibika, mara bibi wa mwenzake kazini ametoka huko akiwa kipofu kabisa. Mara ya nne wifi yako, yuleyule niliyemnyang’anya barua, alinijia Jumatatu asubuhi, akanivika viatu na kuniambia tunakwenda kununua vitunguu. Tukafikia chumba cha upasuaji.

Jicho la kulia lilipofunguliwa, nilikwenda moja kwa moja kwenye kopo la biskuti ninamoweka barua zako. Nilizisoma zote nikiwa nimesimama. Hakuna mahali ulipoandika kwamba niliona mbali. Katika ya pili umeandika: “Dada, akija usimfungulie. Akija na tabasamu ndiyo usimfungulie kabisa.” Katika ya nne umeandika: “Siku hizi unaniandikia maneno ninayoyajua. Kuna mtu anakaa karibu nawe unapoandika?” Miezi miwili mizima swali hilo lilikuwa ndani ya kopo, hatua tatu kutoka kitandani kwangu.

Ya mwisho ilifika juzi. Ndiyo niliyojulia kwamba nakufa. Ulisema kwa kuwa nimekuandikia nimebakiwa na miezi mitatu na nataka uje peke yako, utafika Jumamosi saa tisa alasiri, na kaka yako akupokee stendi. Hapo nikaelewa alichokuwa akikijenga. Sanduku la posta halina mlango wa kugonga. Ilibidi utoke mwenyewe.

Leo ni Alhamisi. Alikuja saa zake. Nilivaa miwani nyeusi ya hospitali, nikamwambia nimetiwa dawa ya macho isiyotaka mwanga, nikampa barua hiyo aisome. Akaanza: “Dada mpenzi koma nimepata barua yako nukta.” Alisoma hivyo mistari sita, kila alama mahali pake. Kisha akasema, kwa sauti ileile, kwamba mwaka huu hutaweza kuja una kazi nyingi unatusalimu sote nisijali tutaonana mwakani. Mfululizo, bila koma, bila nukta. Saa tisa hakuitaja. Kaka yako hakumtaja. Stendi angekungoja yeye, Shemeji, peke yake.

Nikavua miwani. Nikamwambia, “Soma tena, na alama zake.”

Nilitegemea ashtuke, au akane. Alikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akatabasamu kama mtu aliyeshikwa na rafiki yake, akasema: “Dada, wewe ulikuwa unajua. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma.” Kisha akaosha kikombe chake, akakifunika, akaacha ufunguo juu ya meza na kuteremka ngazi pasipo haraka.

Kaka yako alitaka kumfuata na mkasi. Wifi yako alimzuia, akaenda naye kituo cha polisi, na huko wakaulizwa kosa lenyewe ni lipi, kusoma barua vibaya? Wamebadilisha kitasa hata hivyo. Jioni nzima wanalaani jinsi alivyomdanganya kipofu. Wananihurumia, Tone, na ndiyo maana naandika nikiwa nimefunga mlango.

Kwa sababu alisema kweli.

Nilijua. Si tangu juzi. Tangu barua ya pili. Sikio langu limekaa kiwandani miaka thelathini na minne, na alama zilipokatika nilizisikia zikikatika, kama unavyosikia cherehani ya kaka yako ikisimama chini. Nilijua neno lako linaishia wapi na lake linaanzia wapi. Nilikaa kimya. Maneno yake yalisema nilikuwa sahihi, nami nilikuwa nimengoja muda mrefu mtu aniambie hivyo kwa jina lako. Nilipomwomba arudie, nilimwomba arudie uongo huo.

Na sijamaliza. Nilipotamka majibu, nilifika mwisho nikanyamaza, na kalamu haikunyamaza. Niliisikia ikikwaruza karatasi nusu ukurasa, mara nyingine ukurasa mzima. Sikumuuliza anaandika nini. Nilijiambia ni salamu za mpenzi aliyeumia, hazina madhara, huenda zikakurudisha nyumbani. Alhamisi ijayo nisingekuwa na mtu wa kunisomea kama ningeuliza. Kisha nilinyoosha mkono ushikwe, nikaweka sahihi. Mara nne.

Sikuombi unisamehe. Sitaki uandike kwamba ilikuwa macho yangu. Kaka yako atakaa nawe mpaka ubadilishe sanduku na njia ya kwenda kazini, kwa sababu Shemeji mji wako anaujua, na sasa hana tena sababu ya kungoja. Nusu asiyoijua kaka yako, mweleze wewe, au mpe karatasi hii aisome kwenye basi akirudi. Wifi yako nitamwambia mwenyewe kesho, kabla hajaniletea chai.

Ukitaka kuniandikia, andika. Nitaisoma mwenyewe, kwa jicho moja. Usipoandika nitaelewa pia.

Vaa nguo za joto. Wifi yako anakusalimu, amekutumia ile sweta ya kijani uliyoiacha. Nami nakusalimu kwa moyo wote niliobaki nao. Barua hii nimeisoma mara mbili, neno kwa neno, kabla ya kuweka sahihi.

Ni mimi, dada yako mkubwa.