Mfuko Niliopakata

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, ingawa nakujua, kukaa kwenyewe hujui. Kama umesimama jikoni, zima jiko, vuta kiti. Goti lako linaendeleaje? Watoto hawajambo? Na yule kuku wako mkorofi, bado anatagia kitandani? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu, na usianze.

Barua yako niliipata. Unasema chumba cha nyuma umeshakipaka rangi, nirudi nikae nawe, niachane na mateso ya safari za mji huu. Niliisoma nikalia, kweli tena. Jibu ninalo, ila limefungamana na jambo ambalo bila ruhusa yako silifanyi. Nivumilie nilieleze tangu mwanzo, maana nikiruka hata kidogo utanielewa vibaya.

Safari yenyewe unaijua kwa kusimuliwa. Natoka hakujapambazuka, napanda treni, kisha basi, ndipo nifike kiwandani kushona sare za watu. Treni yetu ikijaa imejaa. Ukijikuna, huenda unamkuna mwenzio. Lakini behewa letu lina utaratibu wake: aliyepata kiti humpakatia mizigo aliyesimama. Hakuna kuombana. Unamwekea mtu mzigo wako mapajani, ukifika unauchukua. Mimi napandia kituo cha kwanza, kiti sikosi, basi kila asubuhi napakata mpaka inaonekana pua tu.

Kati ya mizigo hiyo kulikuwa na mfuko mrefu wa turubai, wa bwana mmoja mpole. Tulimpachika jina la Samahani, kwa kuwa huomba radhi hata kabla hajamkanyaga mtu. Kazi yake hatukuijua. Muuguzi, mama mcheshi anayekaa ubavuni pangu kila siku, alishikilia kwamba ni fundi bomba.

Siku moja ya mvua tulifika kituo cha katikati ya mji, umati wa kushuka ukamsomba Samahani, akajikuta nje. Milango ikajifunga. Nilimwona dirishani anapunga mikono huku mdomo unaomba radhi, sijui kwa nani. Mfuko ukabaki mapajani pangu.

Sasa sikia ujinga wa watu wastaarabu. Mimi nilishuka kituo kilichofuata nimsubiri aje na treni ya nyuma. Yeye akaona mama wa watu hawezi kujichelewesha kazini kwa ajili yake, akanipita na treni hiyo hiyo, akaenda kunitafuta mwisho wa reli! Muuguzi, aliyeshuka pamoja nami, akashauri tufungue mfuko tuone kama mna anwani. Nikafungua. Mama yangu! Mlikuwa na mguu. Nilipiga ukelele stesheni nzima ikageuka. Ulikuwa mguu wa bandia, wa mtoto, umevalishwa kiatu chekundu kipya.

Muuguzi alisema miguu hiyo huvalishwa kwenye hospitali kuu ng'ambo ya mto, na leo ndiyo siku ya watoto, kwa hiyo mwenyewe lazima yuko pale anasubiri. Yeye zamu yake ilikuwa kwingine. Nami msimamizi wangu alikuwa ameshanionya kwamba nikichelewa tena nichukue mkasi wangu niende. Nilisimama pale nimekumbatia mfuko, basi la kazini linaita huku, la hospitali linaita kule. Nikapanda la hospitali. Kufika darajani, foleni haisogei hata kidogo, nikashuka nikapiga mguu, tena nikiwa na mwingine kwapani.

Nilimkuta binti mdogo kwenye benchi na bibi yake. Walikuwa wametoka mbali, na gari lao la kurudi lilikuwa mchana ule ule. Nilipoutoa mguu, binti hakuuangalia. Aliangalia kiatu, akamwambia bibi yake si unaona, nilisema chekundu. Mara akaingia Samahani, amelowa chapachapa, anaanza kumwomba bibi radhi kwamba mguu umepotea. Akaniona, akaupokea mguu; kumbe ndiye fundi aliyeutengeneza. Alimvalisha binti pale pale. Binti akashika vyuma vya kujifunzia kutembea, akatuamuru wote tumpishe, akatembea. Nililia, wifi. Tangu tumzike kaka yako sikuwahi kulia mbele za watu.

Kazini msimamizi alikuwa ananingoja mlangoni. Nikamweleza. Akasema visingizio amesikia vingi, ila cha mguu ndiyo kwanza, akanipisha niingie.

Tangu siku ile Samahani akishaniwekea mfuko habanduki, anasimama hapo hapo tunazungumza. Naye alifiwa na mkewe. Siku hizi Jumamosi namshonea mikanda ya ile miguu, na hajawahi kuilalamikia, ingawa wa kwanza niliushona kinyume. Wiki iliyopita treni ilikwama katikati ya njia, joto, watu wananung'unika, na yeye akaona ndiyo nafasi ya kuniposa. Alianza kwa kuomba samahani, bila shaka. Behewa zima likasikia. Muuguzi akapaza sauti nijibu kabla treni haijaondoka. Nikawaambia nina wifi, na asiposema yeye, mimi sina la kusema. Watu waliguna. Samahani akasema atangoja, treni zimemfundisha.

Nikwambie ukweli: nampenda. Siku ya mazishi ulinishika mkono ukaniambia kifo cha kaka yako hakiniondoi kwenu. Maneno ya watu siyaogopi. Naogopa wewe, usije ukaona nimemzika mara ya pili. Ukisema hapana, nafunga virago nakuja kwenye chumba cha nyuma, na sitakununia. Lakini natamani sana useme ndiyo.

Na ukisema ndiyo, usiandike. Njoo. Nitakupokea kituo cha kwanza, utakaa kwenye kiti changu, na goti lako ulinyooshe. Mimi na yeye tutasimama mbele yako, na wewe ndiye utakayetupakatia mizigo.

Wabusu watoto. Kuku mwambie chumba cha nyuma asikizoee kwanza.

Ni mimi wifi yako, hata ukinijibu vibaya.